Robo inchi, meno 20: Kichwa cha tripodi kinapofika kwa fundi wa Tukuyu

Kitu kinachopotea upesi kuliko vyote kwenye mkoba wa mpigapicha si betri wala kadi ya kumbukumbu. Ni pleti, kile kipande bapa kinachofungwa chini ya kamera kwa skrubu moja kisha kikanaswa kwenye kichwa cha tripodi. Kamera ikiazimwa, pleti huondoka nayo. Ikifunguliwa ili kamera ikae vizuri mkononi, huwekwa juu ya kiti cha kanisani na kusahaulika hapo. Na pleti ya kichwa cha aina moja haikubali kukaa kwenye kichwa cha aina nyingine, kwa hiyo kuazima kwa mwenzako hakusaidii. Tripodi iliyonunuliwa kwa fedha nyingi inabaki miguu mitatu isiyo na kazi, na arusi ni Jumamosi.

Aliye Dar es Salaam ataingia Kariakoo akachakure. Aliye Tukuyu, Kiwira au kata ya Kinyala ana njia mbili: aagize na kusubiri mzigo, au aende kwa fundi.

Mafundi wapo. Kando ya barabara kuu inayotoka Uyole kwenda Kyela hadi mpaka wa Kasumulu, cheche za kuchomelea huonekana mchana kutwa: mageti, madirisha, keria za bodaboda, fremu za viti. Fundi anayeunda geti la maua kwa kuangalia picha kwenye simu hawezi kushindwa na kipande cha chuma kinachoenea kiganjani. Kinachomshinda, au kinachomfanya aharibu kamera ya mtu bila kujua, ni skrubu. Mwoneshe tundu lililo chini ya kamera, naye atakwambia bila kusita kuwa hiyo ni namba kumi, yaani bolti ya spana ya 10, M6, ile iliyojaa kwenye Noah, Hiace na Coaster zote anazozifungua kila siku. Atakuwa amekosea, lakini huwezi kumlaumu, maana hakuna gari la Kijapani lililomfundisha vingine.

Tundu la kamera ni la robo inchi. Kipenyo chake ni milimita 6.35, na uzi wake una meno 20 kwa kila inchi, maana yake kutoka jino hadi jino ni milimita 1.27. M6 ina kipenyo cha milimita 6, na kutoka jino hadi jino ni milimita 1 kamili. Kwa macho ni mapacha. Kwa kuwa M6 ni nyembamba kidogo, tundu linaikubali. Inazunguka mara moja, pengine mara mbili, kisha inakaza. Hapo mtu hufurahi akidhani imeshika. Kumbe meno yameanza kupandana. Tundu la kamera lina kina cha milimita tano hivi. Ndani ya kina hicho uzi wa robo inchi una meno manne, wakati M6 ina matano. Jino la tano halina pa kukaa. Ukilazimisha kwa spana litajitafutia nafasi kwa kula uzi wa kamera, na ukarabati wake ni kufungua kamera nzima.

Chini ya kichwa chenyewe cha tripodi, pale kinapofungwa kwenye miguu, mara nyingi kuna tundu kubwa zaidi: inchi tatu ya nane, meno 16. Hilo ni milimita 9.525. Bolti ya M10 haiingii. Ya M8 inapita ikicheza bila kushika chochote. Kamera za Kijerumani za zamani, Leica na Rolleiflex, zilikuwa na tundu hili kubwa hata chini ya kamera yenyewe, na ndiyo sababu mwenye kamera ya urithi hushangaa tripodi ya kisasa inapomkataa.

Kutofautisha hakuhitaji kifaa cha maabara. Chukua rula ya mwanafunzi, laza bolti juu yake, hesabu meno yaliyo ndani ya sentimita moja. Ukipata karibu 8, hiyo ni robo inchi. Ukipata 10, ni M6, irudishe kwenye kopo. Njia nyingine ni kulaza bolti mbili ubavu kwa ubavu na kuziinua mwangani: zikiwa za uzi mmoja, meno yatalala ndani ya mengine na mwanga hautapenya, zikitofautiana, mianya itaonekana kabla hujafika jino la nne. Tena, kichwa cha bolti ya robo inchi ya kawaida hakiingii spana ya 10. Kinataka ya 11.

Mtu atauliza kwa nini kamera zinazotengenezwa Japani na China, ambazo karibu kila kitu ndani yake kimepimwa kwa milimita, zing'ang'anie inchi ya Mwingereza. Ajiulize kwanza kwa nini yeye, aliyesoma mita na sentimita tangu darasa la kwanza, akifika dukani hununua mbao ya mbili kwa nne na bomba la robo tatu. Kipimo kikishakubaliwa na wengi hakitoki kwa amri. Mwaka 1841 Joseph Whitworth wa Uingereza alipendekeza jedwali moja la nyuzi za bolti, wakati ambapo kila karakana ilikuwa ikikata uzi wake na nati ya kiwanda kimoja haikuingia kwenye bolti ya kingine. Mwaka 1864 Mmarekani William Sellers, huko Philadelphia, akaleta jedwali lake. Walitofautiana katika mambo kadhaa: jino la Whitworth lina pembe ya nyuzi 55, la Sellers nyuzi 60, bolti ya nusu inchi kwa Whitworth ina meno 12, kwa Wamarekani 13. Ila kwenye robo inchi wote walisema 20, na kwenye tatu ya nane wote walisema 16. Upigaji picha ulikuwa ukikua katika miaka hiyohiyo, na vipimo viwili ambavyo mataifa makubwa ya viwanda yalikubaliana vikabaki chini ya kamera hadi leo. Siku hizi vimeandikwa katika kiwango cha kimataifa cha ISO 1222. Ndiyo maana bolti ya Whitworth ya robo inchi na ile ya Kimarekani zinaingiliana bila ugomvi kwenye kazi nyepesi kama hii, ingawa pembe za meno si zilezile.

Kwa mtu wa wilaya yetu ya Rungwe habari hii ina faida ya moja kwa moja. Mashine ya Kiingereza iliyotengenezwa kabla ya miaka ya 1950, iwe ya kusaga, ya kupasua mbao au ya kusindika chai, ina uwezekano mkubwa wa kufungwa kwa bolti za Whitworth. Wilaya ya viwanda vya chai na mashine za Lister haiwezi kukosa kopo la bolti za namna hiyo kwenye kona ya karakana fulani. Ila kuna mtego. Land Rover za zamani nazo zina bolti za inchi, lakini nyingi ni za uzi mwembamba, robo inchi yenye meno 28. Kipenyo ni kilekile, spana ni ileile, na kamera itaharibika vilevile. Rudi kwenye rula: meno 28 kwa inchi ni kama 11 kwa sentimita.

Chanzo ninachokiamini kuliko vyote ni takataka za wapigapicha wenyewe. Stendi za taa za duara zinazotumiwa na vijana wa video za simu huvunjika upesi kwenye plastiki, lakini kile kiskrubu cha juu hubaki kizima, na ni robo inchi halali yenye meno 20. Vishikio vya simu vilivyokatika vina tundu lake la shaba au chuma lililozamishwa kwenye plastiki. Usitupe. Skrubu hiyo moja ni bolti, ni kipimo, na ni hati ya kumwonesha fundi kwa pamoja.

Tuje kwenye kutengeneza. Adapta yoyote ina upande unaotoa na upande unaopokea, na watu wengi hupoteza muda kwa kutotenganisha hayo mawili. Pleti ya kamera inatoa tu: inahitaji tundu la kawaida la milimita 6.5 lililotobolewa kwa keekee, na skrubu ya robo inchi inayopita kutoka chini. Hakuna uzi wa kukata. Pale ambapo kifaa kinapaswa kupokea skrubu ya tripodi ndipo panapohitajika tapu ya kukatia uzi, na hapo biti ni ya milimita 5.1. Ya milimita 5 iliyo kwenye kila boksi la fundi inafaa pia kwenye alminiamu, kwa subira: nusu mzunguko mbele, robo nyuma ili chembe zikatike, na matone ya mafuta ya taa. Mafuta ya taa kwenye alminiamu ni bora kuliko oili ya injini; tapu haigandi na uzi hutoka ukiwa laini.

Kazi ngumu ya pleti ni umbo. Kichwa cha tripodi kina kitako chenye kingo zilizolala kwa mshazari, na pleti isiyofuata mshazari huo itacheza hata ukikaza namna gani. Usianze na chuma. Anza na kipande cha sabuni ya mche. Kichonge kwa kisu hadi kiingie kwenye kitako bila kuyumba. Sabuni ikikosewa inatupwa kwenye beseni la kufulia, hasara hakuna. Ukishaipata, mpe fundi sabuni hiyo badala ya maelezo. Atakata flatibaa ya unene wa milimita 5 au 6, au bapa la alminiamu la unene huo kama lipo. Vipande vya fremu za madirisha ya alminiamu visitumike, ni vyembamba, vitajikunja kamera ikiinamishwa.

Baada ya msumeno inakuja tupa, na hapa ndipo fundi mwenye mkono mzuri anapojulikana. Paka masizi ya kibatari ndani ya kitako, ingiza pleti, ikaze kidogo, itoe. Palipoguswa patakuwa peusi. Hapo ndipo pa kupiga tupa, si kwingine. Rudia. Mara za kwanza weusi utaonekana kwenye pembe moja tu, kisha kwenye pembe mbili za mshazari, kisha utaanza kusambaa ubavuni. Pleti inapotoka na mstari mweusi uliokamilika kwenye kingo zote mbili, hiyo imekaa, na haitapiga kelele ukitikisa. Hakuna pleti ya dukani itakayoizidi kwenye kichwa hicho, kwa sababu ya dukani ilikatwa ikiwa na nafasi ya kuvumilia vichwa vyote, na hii imekatwa kwa kimoja.

Juu ya pleti gundisha mpira wa tyubu ya baiskeli. Kamera inashikwa na skrubu moja tu katikati, na ukiisimamisha wima kwa picha ya mtu mmoja, uzito wa lenzi huvuta na kamera hujizungusha taratibu hadi picha ipinde. Mpira huzuia hilo kwa sehemu kubwa. Kwa kamera nzito chomelea kijukwaa kidogo nyuma ya pleti ili mgongo wa kamera uegemee.

Kisha urefu wa skrubu, jambo ambalo ningependa liandikwe kwa rangi nyekundu kwenye karakana zote. Sehemu inayochomoza juu ya mpira isizidi milimita 4.5. Sony huandika katika vitabu vya maelekezo ya kamera zake kwamba skrubu ya tripodi iwe chini ya milimita 5.5, ikizidi, inagusa mwisho wa tundu kabla pleti haijabana, na anayeendelea kukaza anasukuma chuma kwenye tumbo la kamera. Kipimo ni njiti ya kiberiti. Izamishe kwenye tundu la kamera mpaka ikome, weka ukucha usawa wa ukingo, itoe, ipime kwenye rula. Skrubu yako iwe fupi kuliko hapo. Ikiwa ndefu, iongezee waseli chini au ikate na kuisawazisha ncha kwa tupa, ukiwa umeshazungushia nati mapema. Ukiifungua nati hiyo baada ya kukata, inanyoosha jino la mwisho lililochafuka.

Wapo wanaotengeneza pleti ya mbao, nami siibezi. Mninga mkavu unashika umbo vizuri, unatobolewa kwa mkono, na seremala atakuchongea mshazari kwa randa bila masizi wala tupa. Ubaya wake ni Rungwe yenyewe. Miteremko hii hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na ukungu hauchagui msimu. Mbao iliyopimwa ikiwa kavu huvimba, na pleti iliyoingia asubuhi kwa ulaini inagoma kutoka jioni. Ukiamua kutumia mbao, iloweshe mafuta ya kitani au vanishi pande zote, hasa ndani ya tundu, na uiache na mwanya mdogo.

Huenda msomaji anajiuliza kama tripodi inastahili taabu hii yote, zama hizi ambapo simu inapiga picha kwenye giza. Katika nchi tambarare yenye jua kali ningekubaliana naye. Tukuyu ni tofauti. Mawingu hushuka hadi kwenye migomba, na chini ya miti ya mlima Rungwe, wenye mita 2,960, mwanga wa saa nane mchana ni kama wa jioni. Kwaya ikipanga mistari ndani ya kanisa, dirisha liko nyuma yake na uso wa mwimbaji uko gizani. Kamera inataka muda mrefu wa kufungua jicho lake, na mkono wa binadamu hautulii muda huo. Wanaopiga picha Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira na kutaka maji yale yaonekane kama hariri hawana njia nyingine kabisa.

Na eneo hili limewahi kutazamwa na dunia kupitia picha zaidi ya mara moja. Daktari wa jeshi la Kijerumani Friedrich Fülleborn alipiga picha nyingi katika nchi ya Wanyakyusa, ambao vitabu vya wakati huo viliwaita Wakonde, na kitabu chake kuhusu eneo la Nyasa na Ruvuma kilitoka mwaka 1906. Miaka karibu 100 baadaye, mwaka 2003, watafiti wa shirika la uhifadhi la WCS walimwona katika misitu ya Rungwe na Livingstone kima ambaye wenyeji walikuwa wakimtaja kwa jina la kipunji. Mwaka 2005 alitangazwa katika jarida la Science, na maelezo yake ya kwanza yalitegemea picha, bila mzoga mkononi. Wapo wanasayansi waliolalamika kwamba picha haitoshi. Baadaye kipunji aliyekufa kwenye mtego wa mkulima mlimani Rungwe alipatikana, vipimo vikafanyika, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Mlima wetu umo katika jina hilo. Kamera za mtego zinazofungwa porini kumvizia mnyama bila mtu kuwepo, nazo nyingi zina tundu lilelile la robo inchi. Bapa la chuma lililopindwa, bolti moja na mkanda wa tairi vinatosha kuifunga kwenye mti, na mti ni tripodi isiyoibika.

Kwa uthabiti, hata hivyo, hakuna kinachonivutia kama miguu mitatu ya wapima ardhi. Ile ya mbao, mizito, yenye ncha za chuma zinazokanyagwa zikazama ardhini, iliyotengenezwa kubeba theodolaiti. Ofisi zikibadilisha vifaa, miguu hiyo huuzwa au hutupwa stoo. Upepo wa mgongoni mwa mlima unaotetemesha tripodi nyembamba ya alminiamu hauigusi. Kinachoizuia kubeba kamera ni skrubu yake tu: inchi tano ya nane, meno 11, karibu milimita 16. Hiki nacho ni kipimo ambacho Whitworth na Wamarekani walikubaliana.

Adapta yake ni kazi ya nusu siku. Chukua nati ya tano ya nane yenye meno 11, uijaribu kwanza kwenye skrubu ya miguu hiyo yenyewe. Ichomelee katikati ya bamba la duara la milimita 6, huku bolti ya kipimo hicho ikiwa imezungushiwa ndani yake, iliyopakwa oili, ili joto lisiipinde nati wala cheche zisiziharibu nyuzi zake. Kama nati ina rangi ya fedha ya zinki, iondoe kwanza kwa tupa au grenda, maana moshi wa zinki ni sumu kwa mchomeleaji. Upande wa juu wa bamba simamisha bolti ya tatu ya nane yenye meno 16, ichomoze kiasi cha kushika kichwa cha tripodi bila kugota mwisho wa tundu lake. Kama huna bolti ya kipimo hicho, karakana yenye mashine ya kukerezea inaweza kukata uzi wowote wa inchi ikiwa na gia zake. Mbeya kuna SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na kuna chuo cha ufundi cha VETA. Nenda na kichwa chenyewe mkononi. Usiende na namba uliyoandikiwa kwenye simu.

Kwa wanaorekodi kwaya na arusi, jambo rahisi zaidi ni klampu ya seremala. Toboa mwili wake mahali penye nyama, pitisha bolti ya robo inchi, bana nati chini, na kichwa kidogo cha tripodi kikae juu. Klampu hiyo inauma ukingo wa roshani ya kanisa, mgongo wa benchi, bomba la keria ya pikipiki. Haichukui nafasi ya miguu mitatu kwenye ujia ambao akina mama watapita wakicheza na zawadi, na hakuna mtoto atakayeipiga teke.

Kuna ambavyo sishauri kutengeneza. Kile kibushi kidogo kinachopunguza tundu la tatu ya nane kuwa robo inchi kinaonekana chepesi kuiga: chukua bolti kubwa, itoboe katikati, kata uzi mdogo ndani. Ukifanya hesabu utaona kinachobaki kati ya uzi wa nje na wa ndani ni ukuta usiofika milimita moja. Bila mashine ya kukerezea na shaba nzuri, kitapasuka. Kinunue. Vilevile pleti za mtindo wa Arca-Swiss, zenye upana wa milimita 38: kama kifungio chako ni cha kuzungusha kwa mkono, pleti ya tupa itakubalika, kwa sababu kifungio kinafuata upana uliopo. Kama ni cha wenzo unaopigwa mara moja, tofauti ndogo sana itafanya kisibane au kisifunge, na mwenye kamera hatajua mpaka ianguke.

Na kwa aliyechoka kupoteza pleti, tiba yangu ni kuacha pleti kabisa. Vichwa vingi vina kifungio kilichoshikwa kwa skrubu moja kwenye shina. Kifungue, kiweke kabatini, na mahali pake funga kisahani cha alminiamu chenye skrubu ya robo inchi iliyosimama juu, pamoja na nati bapa ya kukaza kutoka chini. Kamera sasa inazungushwa moja kwa moja, kama kwenye tripodi za zamani. Unapoteza sekunde chache kila unapoifunga. Hupotezi kitu kingine.

Jaribio la mwisho lifanyike bila kamera. Pima uzito wa kamera na lenzi yako dukani kwenye mizani, funga mfuko wa maharagwe wenye uzito mara mbili ya huo kwenye adapta, inamisha kichwa mbele, uuache usiku kucha. Asubuhi angalia kama skrubu imelegea au bamba limepinda. Mwenye karakana asikasirike akiombwa hilo, na mteja asione haya kuliomba.

Kinachokosekana Tukuyu ni tapu mbili: ya robo inchi meno 20, na ya tatu ya nane meno 16. Seti za karakana nyingi ni za magari, na magari ni ya milimita, kwa hiyo hazimo. Tapu hizo zikitumiwa kwa alminiamu na mafuta ya taa zinadumu miaka, na wateja wake si wapigapicha tu. Kuna wapima ardhi, mafundi wa vipaza sauti, na vijana wote wa stendi za simu. Mwenye karakana wa Tukuyu, Kiwira au Kinyala unayesoma haya: zinunue safari yako ijayo ya Mbeya, kisha andika ukutani kwa chaki kwamba unazo.